Kulipata neno katika kamusi ya Kiswahili: zilivyopangwa na zinavyofunguliwa

Tuchukue sentensi ya aina inayosikika karibu kila juma katika taarifa ya habari: “Wajumbe wa pande mbili hawajaafikiana kuhusu kuondolewa kwa vikosi mpakani.” Ina maneno kumi. Msikilizaji wa Bujumbura au Kigali, ambaye Kiswahili amekipata mtaani na sokoni kuliko darasani, anaelewa kiini chake lakini anataka kuhakikisha maana ya neno moja au mawili. Anafungua kamusi. Kwenye W hamna “wajumbe”. Kwenye H hamna “hawajaafikiana”. “Kuondolewa” halimo kwenye K, “vikosi” halimo kwenye V, wala “mpakani” halimo kwenye M. “Pande” analikuta kwenye P, ila maelezo yake yanasema ni kipande kikubwa cha kitu, maana ambayo haihusiani hata kidogo na mazungumzo ya amani.

Msomaji huyo mara nyingi hufunga kitabu akiamini mojawapo ya mambo mawili: kwamba kamusi haikukamilika, au kwamba Kiswahili chake yeye ni kibovu. Dhana zote mbili si sahihi. Maneno yote sita yamo kamusini, lakini yamewekwa chini ya sura nyingine. Wajumbe wamo chini ya mjumbe, pande chini ya upande, hawajaafikiana chini ya afiki, kuondolewa chini ya ondoa, vikosi chini ya kikosi, na mpakani chini ya mpaka. Makala haya yanaeleza kwa nini kamusi zimepangwa hivyo, mpango huo ulitoka wapi, na njia ambazo msomaji anaweza kuzitumia ili afike kwenye neno analolitaka.

Neno moja, milango mitatu

Hakuna neno linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko “kitabu” lenyewe. Katika Kiarabu, lilikotoka, neno hilo limejengwa juu ya konsonanti tatu, k, t na b, ambazo kwa pamoja hubeba dhana ya kuandika. Mwanafunzi wa madrasa anayelitafuta katika kamusi ya Kiarabu hulitafuta penye mzizi huo, pamoja na maneno ya mwandishi, ofisi na maktaba, ambayo yote ni ndugu wa tumbo moja.

Waswahili walipolipokea walisikia silabi ya kwanza, ki-, wakaichukulia kuwa ni kiambishi cha ngeli, sawa na ki- ya kiti na kisu. Wakaunda wingi wake: vitabu. Kamusi ya Kiswahili kwa hiyo huliweka neno hili kwenye K, katika sura yake ya umoja, na vitabu haviorodheshwi peke yake.

Kisha neno likasafiri hadi nchi za Maziwa Makuu. Kwa Kirundi na Kinyarwanda likawa igitabo, na wingi wake ibitabo. Kamusi za lugha hizo zilizopangwa kwa mashina huondoa kiambishi chote kilichotangulia na kuliweka neno kwenye T, penye -tabo. Ile k ya Kiarabu, iliyokuwa sehemu ya mzizi, imegeuka kuwa pambo linalovuliwa mlangoni. Mtoto anayezungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili mtaani na kusoma Kiarabu jioni ana milango mitatu tofauti ya kuliingia neno lile lile, na ni nadra mtu yeyote kumweleza kwamba milango hiyo haifanani.

Mpango wa kamusi ulikotoka

Leo tunaona kana kwamba kupanga maneno kwa A, B, Ch ni jambo la asili, lakini kuna watu waliolibuni. Katika karne ya 8, mtaalamu Al-Khalil ibn Ahmad wa Basra alipoanza kazi ya kukusanya maneno ya Kiarabu, hakufuata mfuatano wa herufi tunaoujua. Alizipanga sauti kwa mahali zinapotamkiwa, akaanzia kooni na kuishia midomoni. Herufi aliyoianza ni ayn, ndiyo maana kitabu chake kikaitwa Kitab al-Ayn. Kwa mwanasarufi mpango huo ulikuwa na mantiki nzuri, ila msomaji wa kawaida ulimtaabisha.

Waliomfuata walijaribu njia nyingine. Al-Jawhari, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alipanga mizizi kwa konsonanti ya mwisho, na washairi waliotafuta vina bila shaka walimshukuru. Ibn Manzur alifuata mpango huo huo katika Lisan al-Arab, kazi aliyoimaliza mwaka 1290. Al-Zamakhshari, katika karne ya 12, alikuwa amechagua konsonanti ya kwanza, na huo ndio mpango ambao msomaji wa leo angeutambua upesi. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, akaipa kamusi yake jina la Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari iendayo pande zote. Kitabu hicho kilienea mno hata jina la bahari likawa jina la kila kitabu cha maneno. Hivyo mtu anaposema “kamusi” anataja bahari bila kujua. Neno faharasa nalo, tunalolitumia kwa orodha iliyo mwishoni mwa kitabu, limepitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Huko Baghdad, Ibn al-Nadim aliliweka kwenye jina la orodha yake mashuhuri ya vitabu, Al-Fihrist, karibu mwaka 987.

Ulaya nako alfabeti haikukubalika kwa siku moja. Robert Cawdrey alipochapisha London mwaka 1604 kitabu kidogo cha maneno magumu ya Kiingereza, ilimbidi awaeleze wasomaji katika utangulizi kwamba wajifunze kwanza mfuatano wa herufi, wajue kwamba neno linaloanza na a hutafutwa mwanzoni. Maelezo kama hayo yangeonekana ya ajabu leo. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili bado anayahitaji ya kwake, kwa sababu lugha yake haikuumbwa kwa ajili ya mpango wa kutazama herufi ya kwanza. Mwanzo wa neno la Kiswahili ndio unaobadilika, na sehemu yake ya kudumu imefichwa katikati.

Waandishi wa kwanza wa kamusi za Kiswahili walikutana na tatizo hili ana kwa ana. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan akafuata na kamusi mbili, ya mwaka 1894 kwa upande wa Kiingereza na ya mwaka 1903 kwa upande wa Kiswahili. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza iliundwa mwaka 1930. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye aliyesimamia kamusi zilizotoka mwaka 1939, zilizojengwa juu ya kazi ya Madan.

Katika kamusi hiyo ya mwaka 1939 maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi yamekusanywa chini ya kitenzi chenyewe. Ukifungua penye andika, utakuta hapo hapo mwandishi, mwandiko na maandishi. Ni kama kuingia katika nyumba ya ukoo na kukuta babu, watoto na wajukuu wamekaa mkeka mmoja. Anayejua ukoo hufurahi. Asiyejua kwamba mwandishi ni mtoto wa andika huzunguka kwenye M akitafuta mtu ambaye yuko A.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981 na kupata toleo la pili mwaka 2004, ilichukua njia nyingine. Humo nomino husimama kila moja mahali pake pa kialfabeti: mwandishi kwenye M, andiko kwenye A, usomaji kwenye U. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 ni kazi nyingine kubwa ambazo msomaji wa leo anaweza kuzikuta. (Msomaji makini ataona kwamba Zanzibar wameandika “kamusi la” na Bara “kamusi ya”. Hata ngeli ya kitabu kinachotufundisha ngeli haijakubaliwa na wote.)

Kwa wale waliosoma kwa Kifaransa, ambao ni wengi Burundi na Kongo, kazi kubwa ni ya padre Charles Sacleux, aliyeishi pwani ya Afrika Mashariki. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, na thamani yake ya pekee ni kwamba inaonyesha neno limetoka lahaja gani. Ile ya Alphonse Lenselaer ya mwaka 1983 ni nyepesi zaidi kushikika.

Mpango upi ni bora? Kwa maoni yetu, mpango wa ukoo humfaa mwalimu, na mpango wa alfabeti humfaa mwanafunzi. Mwenye kamusi zote mbili anaweza kuanza na ya pili na kumalizia na ya kwanza.

Kitenzi na nguo zake

Ugumu mkubwa uko kwenye vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hakitembei uchi. Mbele yake huja mtendaji, wakati, urejeshi na mtendewa, na nyuma yake hufuata viambishi vinavyosema kama jambo limetendwa, limetendewa mtu, limesababishwa, au limefanywa na watu wao kwa wao. Kamusi humweka kitenzi akiwa amevuliwa nguo hizo zote. Hata ku- ya kutaja jina la tendo huondolewa: kuandika hutafutwa kwenye A.

Njia ya kuvua ni kwenda hatua kwa hatua kutoka mbele. Chukua “yaliyoahirishwa”, kama katika “mazungumzo yaliyoahirishwa”. Ya- ni mazungumzo yenyewe, -li- ni wakati uliopita, -yo- ni urejeshi. Linabaki “ahirishwa”. Nyuma kuna w ya kutendwa. Ikiondoka linabaki “ahirisha”, na hilo limo kamusini. Chukua tena “hawakutuandikia”. Ha- inakanusha, -wa- ni wao, -ku- ni wakati uliopita wa kukanusha, -tu- ni sisi. Linabaki “andikia”, ambalo ni andika lililoongezwa i ya kutendea.

Kuna jaribio moja ambalo mzungumzaji wa Kiswahili, hata asiyejua istilahi yoyote ya sarufi, anaweza kulitumia. Akishavua, ajiulize: je, hili lililobaki naweza kumwambia mtu mmoja kama amri? Andika! Ondoa! Chagua! Likitoka vizuri mdomoni kama amri, karibu kila mara ndilo lililochapwa kamusini. Vighairi ni vichache na vinajulikana: njoo ni ja, nenda ni enda, lete ni leta. Sikio la aliyelelewa na lugha hapa linamshinda aliyejifunza kwa kitabu, na ni vyema wasikilizaji wetu walijue hilo.

Upande wa nyuma una mitego yake, na inafaa tukae hapo kidogo. Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili huonekana kana kwamba vimeongezwa l: chagua huwa chaguliwa, ondoa huwa ondolewa, pokea huwa pokelewa. Basi “waliochaguliwa” hawatafutwi penye “chaguli”. L ikiondoka, chagua linarudi. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, ambavyo havimaliziki kwa a, hubadilisha mwisho wake. Jibu huwa jibiwa na haribu huwa haribiwa, u imegeuka i. Samehe huwa samehewa, sahau huwa sahauliwa, na afiki wa sentensi yetu huwa afikiana. Mtu anayetafuta “afikia” au “jibia” atakwama hatua moja tu kabla ya kufika. Kisha kuna vile vinavyobadilisha konsonanti: waka na washa, kumbuka na kumbusha, lala na laza. Hivi mara nyingi vimepewa mahali pake, lakini visipoonekana, vitafutwe kwa mzazi.

Vitenzi vya silabi moja navyo vina tabia ya pekee. La, ja, fa, nywa na wa ni vifupi mno kubeba mkazo, kwa hiyo ku- hubaki nao katika nyakati kadhaa: wamekula, atakuja, walikufa. Msomaji huona kwamba shina ni “kula”, kumbe ni “la”, na mahali pake ni kwenye L. Enda na isha, zinazosikika kama kwenda na kwisha, hutafutwa kwenye E na I.

Neno moja la habari linastahili kutajwa peke yake kwa kuwa hutafutwa mara nyingi, tena na watu wenye wasiwasi: “waliouawa”. Wa-, -li-, -o-, kisha ua, kisha w ya kutendwa pamoja na a yake. Kitenzi ni ua, herufi mbili tu, na kamusini kimekaa jirani na ua la bustani na ua wa nyumba. Hapo alama ndogo baada ya neno ndizo zinazotenganisha: kt ni kitenzi na nm ni nomino. Kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu utakuta pia mabano ya mraba. Kwa kitenzi, ele maana yake ni elekezi, yaani kinahitaji kitu kinachotendewa, na sie ni kisichohitaji. Kwa nomino, mabano huonyesha ngeli: kitabu kina [ki-/vi-], mjumbe ana [a-/wa-]. Anayezipuuza alama hizi hupoteza nusu ya kile alichokilipia.

Umoja kwanza

Nomino ni rahisi zaidi: hutafutwa katika umoja, pamoja na kiambishi chake. Ndiyo maana kurasa za M na K ni nene kuliko nyingine. M- ya watu na miti imeishi kwenye M, na ki- ya vitu imeishi kwenye K. Vyakula ni chakula, wezi ni mwizi, macho ni jicho, meno ni jino.

Kinachosumbua ni kundi la maneno yenye u- katika umoja, kwa sababu wingi wake hauonyeshi u hiyo. Pande ni upande, kuta ni ukuta, kurasa ni ukurasa, funguo ni ufunguo. Nyimbo ni wimbo na nyuso ni uso. Mbao ni ubao, ndimi ni ulimi. Hatari ya kundi hili ni kwamba wingi wake mara nyingine hufanana na neno jingine halali, kama tulivyoona kwa pande. “Kuta” msomaji atalikuta kama kitenzi cha kumfikia mtu mahali, na ataondoka ameridhika na maana isiyo yake. Kutokuona neno kunamfanya mtu aendelee kutafuta. Kuona neno lisilo lenyewe kunamfanya aache.

Maneno ya ma- hutafutwa bila ma- yakiwa yana umoja: majeshi ni jeshi, majimbo ni jimbo. Yasiyo na umoja, kama maji, mafuta na maziwa, hubaki kwenye M. Ikiwa neno halionekani kwenye M, ondoa ma- na ujaribu tena. Kwa maneno yenye -ni ya mahali, kama mpakani na mahakamani, ondoa -ni. Vivumishi hufuata desturi ya mashina: mpya, jipya na kipya yote ni -pya, ndefu ni -refu, njema na jema ni -ema.

Kinachosikika na kinachoandikwa

Msikilizaji wa redio hulipata neno kwa sikio, kabla hajaliona limeandikwa. Hapa wasikilizaji wa nchi za Maziwa Makuu wana tatizo ambalo mtu wa Unguja hana. Katika Kinyarwanda na Kirundi, l na r hazitenganishi maana kama zinavyofanya katika Kiswahili, na sikio lililolelewa na lugha hizo huzichanganya. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Mahali ni pahala, mahari hutolewa kwa bibi harusi. Kula ni kutia chakula kinywani, kura hupigwa kituoni. Anayelikosa neno penye l na alitafute penye r, na kinyume chake, kabla ya kukata tamaa.

Sauti zilizotoka Kiarabu nazo hupotea njiani. Wengi husema zahabu kwa dhahabu, selasini kwa thelathini, gali kwa ghali, abari kwa habari. Kamusi hufuata tahajia sanifu, kwa hiyo z isiyojibu ijaribiwe kama dh, s kama th, g kama gh, na irabu ya mwanzo ijaribiwe ikiwa na h mbele yake. Kwa waliozoea Kiswahili cha Lubumbashi, batoto watafutwe kwa watoto na bitabu kwa vitabu, kisha warudishwe kwenye umoja.

Haya si mambo madogo kwa mtoto anayefanya mtihani. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi zimo tangu 2007, imekipa nafasi yake. Kiswahili cha Buyenzi au Nyamirambo, kilichokuwa lugha ya mtaa mmoja wa mji, sasa kinapimwa kwa kalamu nyekundu ya tahajia sanifu. Mtoto aliyezungumza lugha hiyo tangu utotoni anaweza kupitwa na mwenzake aliyeianza shuleni, kwa sababu tu mwenzake alifundishwa kufungua kamusi.

Kwenye simu na kompyuta

Wengi siku hizi hawana kamusi ya karatasi, wana simu. Mashine hailiondolei tatizo letu uzito wake, na mara nyingine huliongeza. Mbinu za kutafuta maandishi zilikuzwa kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho hubadilisha mwisho wa neno. Utaratibu mashuhuri alioutoa Martin Porter mwaka 1980 hukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili maumbo ya neno moja yakutane. Kukata mkia wa neno la Kiswahili hakutoshi, maana kinachobadilika zaidi ni kichwa. Mtaalamu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kutengeneza SALAMA, programu inayochambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, lakini si kila kisanduku cha kutafutia kilicho na uchambuzi wa namna hiyo nyuma yake.

Kwa hiyo msomaji humsaidia mtambo kwa kufanya kazi ya kuvua yeye mwenyewe. Kwenye kamusi ya mtandaoni, andika umoja wa nomino na sura ya amri ya kitenzi. Unapotafuta habari, jaribu umoja na wingi kwa zamu, kwani orodha ya “mkimbizi” na orodha ya “wakimbizi” huenda zisilingane. Na unapotafuta ndani ya ukurasa mmoja mrefu uliokwisha kufunguka, tumia kipande cha neno badala ya neno zima. Kuandika “kimbizi” kutakuonyesha mkimbizi, wakimbizi na ukimbizi kwa pamoja, na “chagu” kutakusanya chagua, waliochaguliwa na uchaguzi.

Limebaki jambo la alama moja ndogo. Ng’ombe, ng’ambo na ng’oa huandikwa kwa alama ya juu, nayo kwenye kompyuta ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na ukurasa ulioandikwa kwa moja huenda usijibu utafutaji ulioandikwa kwa nyingine. Neno la namna hiyo likikosekana, andika sehemu inayofuata alama peke yake, ombe au ambo, ndani ya ukurasa uliofunguka, na litaonekana.